Gavana wa Marekani si lazima awe mzaliwa wa Marekani

Watu huweza kubishana kama mgombea ugavana wa jimbo la Marekani aliyezaliwa ng'ambo ana sifa, na wapo wanaoamini kwamba hana. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka: Katiba ya shirikisho humtaka rais awe raia wa kuzaliwa. Sharti hilo, hata hivyo, halimgusi gavana, ambaye sifa zake huwekwa na katiba ya jimbo lake. California iliongozwa kuanzia 2003 hadi 2011 na mzaliwa wa Austria, na Michigan, katika miaka hiyo hiyo, na mzaliwa wa Kanada.

Anayetaka kuhakikisha asome katiba ya jimbo husika, sehemu ya mamlaka ya utendaji. Ya Texas, kwa mfano, katika Ibara ya 4, kifungu cha 4, hudai umri wa miaka 30, uraia, na ukaazi jimboni kwa miaka 5 kabla ya uchaguzi; shahada, ambayo msomaji wa Kenya angeitarajia, haimo. Ubishi wenye uzito, kwa maoni yangu, huwa juu ya ukaazi, kwa kuwa mtu aweza kuwa na nyumba katika majimbo mawili.