Msamiati mgumu wa Kiingereza haujifunzwi kwa orodha

Kila mitihani ya UNEB, baraza la taifa la mitihani la Uganda, inapokaribia, wanafunzi wa kidato cha sita hapa Kampala huniletea madaftari yaliyojaa maneno mazito ya Kiingereza, kila neno na maana yake moja. Bidii yao naiheshimu, ila orodha ya namna hiyo humpa mwanafunzi nusu ya neno tu.

Chukua kitenzi "exacerbate". Daftarini huandikwa kuwa ni kuzidisha, na kwa kuwa katika Kiswahili mtu huweza kuzidisha mema na mabaya, mwanafunzi huandika katika insha ya General Paper, yaani somo la maarifa ya jumla, kwamba "education has exacerbated development". Mtahini hushika kichwa, kwani kitenzi hicho huandamana na mabaya peke yake: umaskini, maradhi, mgogoro, uhaba wa maji. "Sanction" ni mtego mkubwa zaidi. Serikali ikiambiwa "sanctioned the march", imeyaidhinisha maandamano. Ikitajwa kuweka "sanctions" dhidi ya nchi nyingine, imeiwekea vikwazo. Sentensi ndiyo inayoamua, na kwa sababu hiyo swali la ufahamu humtaka mtahiniwa aeleze neno jinsi lilivyotumika katika kifungu. Kwa hiyo nawaagiza wanakili sentensi nzima kutoka gazetini, kisha wapigie mstari nomino zinazofuatana na neno hilo.

Kuhusu maneno ya kuanza nayo, nina msimamo: maneno adimu ya kujionyesha yasubiri. Mwaka 2000, Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na maneno yaliyoundwa kutokana nalo, ambazo hufikia takriban asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya kitaaluma. Humo mna "derive", "constitute" na "assess", ambayo wanafunzi huyadharau kwa kuwa hayatishi.

Mizizi ya Kilatini husaidia pia: anayejua kwamba "bene" ni vema na "male" ni vibaya hatababaishwa na "benevolent" wala "malefactor".

Kusahau nako kuna utaratibu wake. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa hupotea mapema, kisha kasi hupungua. Basi lirudie neno jioni ileile, tena baada ya siku mbili, tena baada ya wiki, na kila mara funika maana kwa kiganja, uikumbuke kwanza, ndipo utunge sentensi yako.