ELIMU KWA UMMA: Mtu haachi vepu kwa kupigiwa kelele

Naandika hii kabla Jumatatu haijafika maana Jumatatu ndio simu zinaanza upya. Tangu tulivyopita mashuleni na mitaani kwa ajili ya ile siku ya kupinga tumbaku duniani, tarehe 31 mwezi wa tano, malalamiko yameongezeka na karibu yote yanafanana, mzazi kakuta vepu, yaani sigara ya umeme, kwenye begi la mtoto anataka tuje tumkamate, au kama hatuwezi kumkamata basi tumtishe kidogo. Sisi wa ukaguzi na ushauri wa kuacha hatukamati watoto. Na kutisha tulishajaribu, nitaeleza huko mbele ilivyotutokea puani.

Kwanza la sheria niliondoe mezani. Sheria ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, na kuanzia 2021 usimamizi wake uko TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Inamkataza muuzaji kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18, na anayewajibika ni muuzaji. Kuna wajanja wa madukani wanasema "bosi humu hakuna tumbaku, hii ni juisi tu". Ajabu ni kwamba mwaka huohuo 2003 ndio mfamasia mmoja wa China, Hon Lik, alikuwa anatengeneza hii sigara ya umeme tunayoijua leo, yaani sheria na kitu chenyewe ni wa rika moja ila hawakuwa wanajuana. Lakini nikotini iliyomo kwenye hiyo juisi kwa kawaida inakamuliwa kwenye majani ya tumbaku hayohayo, kwaiyo hizo ngonjera za "hakuna tumbaku" mkaguzi kashazisikia.

Ukitaka kuripoti duka tunahitaji jina la duka au namba ya fremu, mtaa na kata (ukisema "pale Kariakoo karibu na msikiti" hujasema kitu, misikiti Kariakoo ni mingi), picha ya boksi pande zote hasa ule upande wenye maandishi madogo, na risiti kama unayo, ya EFD, sio kile kikaratasi cha kuandika kwa peni. Mkaguzi akifika anaonyesha kitambulisho, mzigo unahesabiwa mbele ya mwenye duka, fomu inajazwa, anasaini yeye na shahidi, nakala moja anabaki nayo. Akikataa kusaini inaandikwa "amekataa kusaini", haimaanishi mzigo unabaki dukani. Na msipige simu kesho yake asubuhi kuuliza mbona duka bado liko wazi, kuna hatua.

Sasa hayo yote ni ya muuzaji. Huyu anayevuta, faini ya mwenye duka haimuhusu, akikosa Kariakoo anaagiza kwa bodaboda inaletwa mpaka getini. Kwaiyo swali la maana ni lile ambalo watu hawaulizi, nini hasa kinamfanya mtu aliyezoea vepu siku moja aseme mimi sasa nataka kuacha?

Niwaambie kwanza kisichomfanya. Mwaka fulani tulienda sekondari moja hapa Dar, projekta, mapafu meusi kwenye ukuta, mimi nimevaa tai na joto lile. Nikawaeleza mpaka habari za Marekani 2019, vijana wanalazwa na vifua vimebana, waliolazwa walipita 2,800 na waliokufa wakafika 68, na kilichohusishwa zaidi ni mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vepu za bangi. Ukumbi kimya. Nikajua nimewapata. Kwenye maswali dogo wa mbele akanyoosha mkono kwa adabu zote, "Shikamoo anko, hiyo ya fleva ya embe uliyotuonyesha inauzwa wapi?" Walimu walicheka, mimi sikucheka. Nilikuwa nimebeba sampuli kumi na mbili za rangi, nimezipanga mezani vizuri, nimefanya kazi ya dukani bila kulipwa.

Picha ya mapafu inamtisha ambaye havuti. Anayevuta anaangalia kifua chake, anaona kiko sawa, anakupuuza. Ana miaka 20, ugonjwa wa miaka 50 ni wa mtu mwingine.

Alafu kuna hili neno teja. Hapa mjini teja ana sura yake, yule anayesinzia amesimama bila kuanguka, kwaiyo mtu wa vepu, msafi, ana simu kali, anafanya kazi ofisini Posta, ukimwambia ana uteja anakuona unamtukana. Anakwambia "mimi naacha muda wowote nikitaka." Hii sentensi nimeisikia mpaka naweza kuiimba. Na huwa siibishii, namuuliza tu, ukiamka asubuhi zinapita dakika ngapi ndio unaivuta? Maana dakika tano za kwanza zinasema mengi kuliko idadi ya pafu, yaani mara unazovuta, kwa siku. Wengi wanajibu huku wanatazama pembeni.

Kuna binti wa chuo, anakaa hosteli, sitasema ipi. Umeme ulikatika usiku, vepu yake imezima chaji, na paua benki yake kamuazima mtu. Saa nane usiku akajikuta amevaa kanga yuko getini anamgongea mlinzi amuombe paua benki, mlinzi mzee wa watu akadhani kuna mgonjwa, akatoka mbio na tochi anauliza "nani kaumwa mwanangu?" Aliniambia pale ndipo alipojiona. Hakuna aliyemhubiria, hakuna mapafu ukutani. Ni ule mwanga wa tochi usoni na kukosa cha kumjibu babu wa watu. Asubuhi yake ndio alianza kutafuta wa kumsaidia.

Wanaokuja wenyewe, bila kuburuzwa na mzazi, wengi wana hadithi ya namna hii, siku kile kitu kilipomwonyesha nani ni bosi. Vepu ina tatizo ambalo sigara haina, haiishi. Sigara inafika kwenye kishungi inakuunguza vidole unajua umemaliza moja, vepu unavuta ukiwa kitandani, chooni, kwenye mwendokasi umeinamisha kichwa, hujui umevuta kiasi gani. Na soma boksi tafadhali, ikiandikwa asilimia 5 maana yake ni miligramu 50 hivi za nikotini kwa kila mililita, wakati Umoja wa Ulaya wameweka mwisho 20. Hiyo nikotini wameichanganya na asidi ili isikwaruze koo, ndio maana mtu ambaye sigara ilimshinda kwa kukohoa, vepu inapita laini kama soda. Bado kuna mtu ataandika hapo chini kwamba ni mvuke wa maji. Maji yako jikoni ndugu yangu.

La pili linalowaamsha watu ni hela, ila ni pale wanapopiga hesabu wenyewe. Kaka mmoja wa Sinza alikuja na mkewe, mke ndio kamlazimisha, yeye kakunja uso. Nikamuuliza juu ya kumi, hamu yako ya kuacha iko ngapi? Akasema nne. Mke akasonya. Mimi nikamuuliza, kwa nini nne, kwa nini sio moja? Hapo akaanza kuongea, pumzi kwenye chandimu imepungua, mtoto wake wa miaka mitatu kaanza kuweka kalamu mdomoni anapuliza, na hela. Anatumia moja ya elfu 35 kwa wiki. Akatoa simu akafungua kikokotoo, mara 52, ikasoma 1,820,000. Akaifuta akarudia. Ikasoma vilevile. Karibu laki moja na nusu na ushee kila mwezi, na wao kodi ya chumba masta ndio walikuwa wanadaiwa. Mke akatulia kabisa, nadhani yeye ndio alikuwa hajui bei.

Angalieni nilichofanya, maana wazazi mnakosea hapa: ningemuuliza kwa nini sio kumi, angenipa sababu za kuendelea kuvuta. Ukimuuliza kwa nini sio moja, anakupa sababu za kuacha kwa mdomo wake, na mtu anaamini zaidi maneno yaliyotoka kwake kuliko yako. Mzazi anayeanza na "nitakupeleka polisi" anachopata ni mtoto anayeficha vizuri zaidi. Kuna mama mmoja alikuwa anaichaji yeye mwenyewe sebuleni wiki nzima, kijana kamwambia ni flashi ya shule. Alipojua alimcharaza, kijana akahamishia vepu kwa rafiki na mazungumzo yakafa. Aliyemweza ni mjomba wake, kocha wa timu ya mtaa, alimweka benchi mechi mbili akamwambia "kipindi cha pili unakata moto dogo, nimpange mwenye pumzi." Sisemi kila mtu ana mjomba kocha. Nasema mtu anasikiliza kwa yule ambaye anaogopa kupoteza heshima mbele yake, na mara nyingi sio yule anayepiga kelele.

Kinachoua hamu ya kuacha kuliko vyote ni arosto, yale mateso ya mwili kudai nikotini ukiikosa. Mtu alishajaribu, siku ya pili na ya tatu ikamkaba, hasira, usingizi hakuna, kichwa kizito, akarudi, na sasa hivi anavyosema "sitaki kuacha" anamaanisha "naogopa kushindwa tena". Hivyo ni vitu viwili tofauti na vinatibiwa tofauti. Siku hizo za mwanzo ndio kilele, baada ya hapo inashuka, na ndani ya wiki mbili mpaka nne wengi wanapata nafuu kubwa. Ile kiu yenyewe ikija inakaa dakika chache ndio inapita, ukiwa na mtu wa kumtumia meseji dakika hizo unavuka. Na anayesema vepu inamtoa stresi, sehemu kubwa ya hiyo stresi ni arosto ndogondogo ya tangu pafu la mwisho, yaani vepu inakulipia deni ambalo yenyewe ndio imekukopesha.

Meseji nimetaja makusudi. Marekani walijaribu programu ya meseji za simu kwa vijana wa miaka 18 mpaka 24, baada ya miezi saba waliokuwa wameacha ni asilimia 24.1 kwa waliotumiwa na 18.6 kwa wenzao, matokeo yalitoka 2021. Kwa wadogo zaidi, 13 mpaka 17, yaliyotoka 2024 ni asilimia 37.8 kwa 28. Meseji tu. Kuna na dawa ya kumsaidia mtu kuacha, inaitwa vareniklini, jaribio lililochapishwa 2025 kwa vijana wa miaka 16 mpaka 25 waliopewa na ushauri, mwisho wa wiki 12 za dawa asilimia 51 walikuwa wameacha, wa dawa ya uongo 14. Hapa nisisitize, na narudia kwa wale wanaosoma nusu, hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, sio ya kwenda famasi Mwenge kusema "nipe ile ya vepu". Tukikuta duka la dawa linatoa bila cheti tunaripoti.

Wale waliohamia vepu ili waache sigara, siwatukani, tafiti zipo zinazoonyesha imewasaidia watu wazima kuacha sigara, Uingereza huduma zao za afya zinaitumia kwa utaratibu. Utaratibu ndio neno. Wengi ninaowaona hapa wanavuta vyote viwili, sigara baa na vepu nyumbani, hapo hujahama, umeongeza chumba.

Lingine linalowazuia watu kuja, wanadhani wakitaja vepu watapelekwa foleni ya methadoni. Methadoni, ile iliyoanzia Muhimbili 2011, ni ya waathirika wa heroini, haihusiani na wewe. Ukija kwa ajili ya vepu unafungua faili kawaida, unaulizwa maswali kama kumi, njoo na boksi au chombo chenyewe tuone kiwango cha nikotini, mnapanga siku ya kuacha, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, na unarudi. Chini ya miaka 18 njoo na mtu mzima, sio lazima awe baba. Ukihisi ndani ya vepu kuna kitu kingine, kichwa kinazunguka kusiko kawaida, unaona vitu, hiyo ni habari nyingine, ya dawa za kulevya piga 119, bure.

Kaka wa Sinza aliacha siku kumi na moja, akarudi kwenye harusi ya rafiki yake, akaniambia kwa aibu kama amekuja kuungama. Tukapanga siku nyingine. Juu ya kumi sasa anasema saba, mkewe anasema sita.

Na ukishaacha, chombo usikitupe jalalani mnapochomea taka, betri ya lithiamu inalipuka, na ile juisi usiiache mtoto anapofika, nikotini ikinywewa ni sumu. Usimpe mdogo wako. Leteni ofisini, mapokezi kuna ndoo yenye mchanga, unasaini kwenye daftari. Na kwa wale wanaouliza kila wiki kama mtu akisalimisha anarudishiwa hela yake, haturudishi.