Elimu ya udereva sekondari Marekani: saa 30 darasani, saa 6 kwenye usukani

Mmarekani akikwambia alisomea udereva sekondari, hazungumzii shule ya udereva ya mtaani kama zetu. Ni somo la shule, lenye mwalimu wa shule na gari la shule, na wanaolisoma ni vijana wa miaka 15 au 16 wanaojiandaa kutahiniwa leseni.

Anayetajwa kulianzisha ni Amos Neyhart wa chuo kikuu cha Penn State. Mwaka 1934 alianza kuwafundisha wanafunzi wa sekondari ya State College, Pennsylvania, kwa gari lake mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili kipimo kilichozoeleka kikawa saa 30 za darasani na 6 za kuendesha.

Hizo 6 ndizo zinazokula pesa. Darasani mwalimu mmoja anawatosha vijana 30. Ndani ya gari anaendesha mmoja tu, wawili au watatu wamekaa nyuma wanatazama, na mwalimu yuko kando ya dereva, mguu tayari juu ya breki yake ya pili. Piga hesabu: vijana 30 mara saa 6 ni saa 180 za mwalimu kwa darasa moja. Ndiyo maana shule zilikimbilia mashine za kuigizia uendeshaji. Mara nyingi saa 12 za mashine zilihesabiwa kama 3 za barabarani, na saa za mwalimu garini zikapungua nusu. Magari yenyewe wauzaji waliyaazimisha bure au kwa bei ndogo, na si kwa huruma tu: kijana huyo kesho ni mteja.

Mishahara ililipwa na wilaya ya shule pamoja na jimbo, ambalo mara nyingi lilichota kwenye ada za leseni au nyongeza ya faini za trafiki. Sheria ya usalama barabarani ya 1966 ikaleta na fedha za serikali kuu.

Mambo yaliharibika matokeo yalipopimwa. Katika wilaya ya DeKalb, Georgia, mwishoni mwa miaka ya 1970, wanafunzi wapatao 16,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wafundishwe udereva na wengine wasifundishwe. Nafuu ya ajali iliyoonekana kwa waliofundishwa ilikuwa ndogo na haikudumu. Tena somo lina mtego: linampa kijana leseni mapema, naye anaingia barabarani akiwa mdogo zaidi. Jimbo la Connecticut lilipokata ruzuku ya somo hili mwaka 1976, kwenye maeneo yaliyofuta somo vijana wengi walichelewa kuchukua leseni, na ajali za rika hilo zikapungua. Miaka ya 1980 serikali kuu ikaacha kulipa somo hili kipaumbele, shule nyingi zikalifuta, na wazazi wakaanza kulipia shule binafsi.

Georgia ilirudi kulifadhili somo hili kidogo mwaka 2005: sheria iitwayo Joshua's Law iliongeza asilimia 5 juu ya faini za trafiki kwa ajili ya mafunzo haya. Ila makusanyo yaliingia kwanza hazina kuu ya jimbo, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ikaishia kwenye matumizi mengine.