Kuchoma nyama uani: maswali ya wakazi wa Dodoma kuhusu moto

Jiko niliweke wapi?
Angalia upepo kwanza. Kiangazi cha Dodoma asubuhi panaweza kutulia, mchana upepo ukaja na vumbi na kung'oa kanga kwenye kamba. Nyasi zimekauka, na cheche moja inatosha. Liweke jiko kwenye udongo mtupu uliofagiwa, angalau mita 3 kutoka ukutani, banda la kuku, nguo zilizoanikwa na gari. Upepo ukizidi, mbuzi huyo mchemsheni tu. Supu nayo ni chakula.

Mkaa unachelewa kushika. Niongeze petroli kidogo?
Usithubutu, na mafuta ya taa pia usiyamimine juu ya mkaa uliokwisha kushika. Kinachowahi kuwaka ni mvuke, na moto hupanda na ule mkondo unaoumimina hadi kwenye kidumu ulichoshika. Washa kwa vijiti vikavu, pepea, subiri mkaa uvae majivu meupe. Wenye njaa wapewe karanga.

Mafuta ya nyama yakilipuka moto?
Maji hapana, yatayarusha mafuta yanayowaka. Ondoa nyama kwa koleo, funika jiko kwa bati au mwagia mchanga. Ndoo ya mchanga ikae karibu tangu mwanzo. Moto ukikushinda, toa watu wote kisha piga 114, Zimamoto.

Mtoto ameungua mkono. Bibi yake anataka kupaka dawa ya meno.
Mwambie bibi kwa heshima kwamba dawa ya meno, unga wala yai havipozi. Vinachafua kidonda na kumfichia daktari anachotaka kuona. Kinachopoza ni maji safi ya kawaida, yasiwe ya barafu, yakitiririka kwa dakika 20. Siku ya mgao, mimina polepole kwa kopo kutoka kwenye dumu. Wakati huohuo vua bangili na shanga kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iache, malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi, na mwili uliobaki umkinge na baridi. Mtoto mdogo mpeleke hospitali hata jeraha likionekana dogo. Mtu mzima naye aende akiungua uso, kiganja, nyayo, maungio au sehemu za siri, au jeraha likizidi ukubwa wa kiganja chake.

Usiku wa Julai ni baridi. Tuingize jiko sebuleni?
Hapana, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na baada ya sherehe wengi watadhani ni bia. Mwenye dalili hizo mtoe nje haraka, mwahishe hospitali.

Majivu nitupe lini?
Si usiku huo. Chini yake makaa hukaa na moto hata siku nzima. Mwagia maji, koroga kwa fimbo, mwagia tena, na usiyaweke kwenye ndoo ya plastiki.