Hatari Iliyotulia Mezani: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Usalama Katika Maabara za Shule

Katika maabara nyingi za shule kanuni za usalama hubandikwa ukutani, na mwanafunzi aliyezisoma mara moja mwanzoni mwa mwaka huondoka akiamini kwamba amekwisha kuzijua. Kanuni hizo humwambia la kufanya bila kumweleza sababu, naye, asipopewa sababu, hujitungia zake. Ndipo dhana potofu zinapoota. Nyingi kati ya hizo zinazojadiliwa hapa zina asili moja: mwanafunzi hukiogopa kinachofuka moshi, kinachochemka au kilichobandikwa picha ya fuvu, huku akikichukulia kwa wepesi kile kilichotulia mezani bila rangi wala harufu.

Dhana: Asidi ndiyo ya kuogopwa, besi ni kama maji ya sabuni

Asidi inapogusa ngozi, mara nyingi huwasha mapema, na aliyeguswa hukimbilia bomba bila kuambiwa. Haidroksaidi ya sodiamu, ambayo ni besi kali, haina hisani hiyo. Dalili ya kwanza huwa ni utelezi kwenye ncha za vidole, na utelezi huo unatokana kwa sehemu na mafuta ya ngozi yenyewe, ambayo besi imeanza kuyageuza kuwa sabuni. Mwanafunzi anayesugua vidole vyake akishangaa ulaini huo anashuhudia ngozi yake ikishambuliwa, ingawa bado hasikii maumivu yoyote.

Jichoni tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Asidi nyingi hugandisha protini za tabaka la juu la jicho, na mgando huo huwa kizuizi cha kiasi fulani dhidi ya asidi inayofuata. Besi kali, kwa upande wake, huyeyusha tishu na kuendelea kuzama ndani. Myeyusho wa haidroksaidi ya sodiamu wenye moli 0.5 katika lita, yaani takriban gramu 20 tu za kemikali hiyo katika lita moja, tayari umefikia kiwango ambacho uainishaji wa kemikali wa Umoja wa Ulaya unakihesabu kuwa cha kuunguza. Myeyusho wa namna hiyo hutiwa kwenye bureti, mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya kipimo, katika vipindi vya titresheni (kupima ukolezi wa asidi au besi) huku mwanafunzi akiikodolea macho mistari ya kipimo, na mara nyingine akiwa amepandisha miwani ya usalama juu ya paji la uso ili asome vizuri.

Miwani inapaswa kuvaliwa tangu kemikali ya kwanza inapofunguliwa hadi meza ya mwisho inaposafishwa, wakati wa kuosha vyombo ukiwemo. Aliyemaliza jaribio lake hajawa salama ikiwa jirani yake bado anachemsha kitu. Miwani ya kawaida ya kusomea haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu pembeni iko wazi.

Dhana: Asidi ikimwagikia ngozi, mimina besi juu yake ili zibatilishane

Kosa hili hufanywa zaidi na wanafunzi waliosoma vizuri. Wamefundishwa kwamba asidi na besi hutoa chumvi na maji, na wanaona busara kuitumia elimu hiyo. Wanachokisahau ni kwamba mmenyuko huo hutoa joto, na joto hilo litatoka juu ya ngozi ambayo tayari imeungua. Tena hakuna ajuaye ni kiasi gani cha asidi kimemwagika, kwa hiyo besi inayozidi itaanza kuunguza kwa zamu yake, na muda unaotumika kutafuta chupa sahihi kabatini ni muda ambao maji yangekuwa yamekwisha kufanya kazi.

Tiba ya kwanza ni maji ya bomba yanayotiririka, kwa wingi, kwa muda wa dakika 20 hivi, huku nguo zilizolowa kemikali zikivuliwa maji yakiendelea kumwagika. Jicho huoshwa kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole, na maji yaelekezwe kutoka upande wa pua kwenda nje ili yasibebe kemikali hadi kwenye jicho lililo zima. Lenzi ya jichoni, ikiwepo, itolewe mapema iwezekanavyo. Dakika 20 ni nyingi kwa mtu aliyeinamia sinki. Aliyeumia atasema amepona baada ya dakika mbili, na ni juu ya mwalimu kutomsikiliza. Bikaboneti ya sodiamu, ambayo ni besi hafifu, ina nafasi yake katika maabara, lakini nafasi hiyo ni juu ya meza au sakafu iliyomwagikiwa asidi.

Dhana: Maji kwenye asidi au asidi kwenye maji, yote ni mamoja

Si mamoja. Asidi salfuriki iliyokolea ina uzito wa takriban gramu 1.84 kwa kila sentimita ya ujazo, karibu mara mbili ya maji. Maji yakimiminwa juu yake hubaki juu, hupata joto ghafla na kuchemka, kisha huruka yakiwa na asidi ndani yake. Asidi ikimiminwa polepole kwenye maji mengi huku yakikorogwa, joto husambaa na kumezwa na maji hayo. Kwa maoni yangu, wanafunzi wa shule hawana sababu ya kuigusa asidi salfuriki iliyokolea kwa ajili ya kuizimua. Kazi hiyo ifanywe na fundi sanifu wa maabara kabla ya kipindi.

Dhana: Moto huonekana, kwa hiyo huepukika

Mwali wa bluu wa kichomeo cha Bunsen, ambao ndio wenye joto kali zaidi, karibu hauonekani kabisa katika chumba chenye mwanga wa jua. Ndiyo maana kichomeo kinachosubiri kutumiwa hufungwa tundu la hewa ili mwali uwe wa njano, usio moto sana lakini unaoonekana na kila anayepita. Kiberiti nacho huwashwa kwanza, ndipo gesi ifunguliwe. Anayefungua gesi kisha akahangaika na njiti iliyolowa anakusanya gesi mbele ya uso wake. Kioo cha moto, kwa upande mwingine, hufanana na kioo baridi kwa kila hali. Kabla ya kushika bika iliyotoka kwenye moto, sogeza nyuma ya kiganja karibu nayo bila kuigusa: joto litahisiwa hewani.

Hatari kubwa zaidi imo katika ethanoli. Mvuke wake unaweza kushika moto katika nyuzi joto 13 hivi za Selsiasi, yaani chini ya halijoto ya madarasa mengi, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa juu ya meza hadi kuufikia mwali ulio mbali na chupa. Jaribio la kupima wanga katika jani, ambalo karibu kila mwanafunzi wa biolojia hulifanya, linahitaji jani lichemshwe katika ethanoli ili rangi ya kijani itoke. Hapo pana utaratibu usiokubali mkato: maji huchemshwa kwanza, kichomeo huzimwa kabisa, na ndipo neli yenye ethanoli na jani hutumbukizwa katika maji hayo ya moto. Ethanoli huchemka katika nyuzi 78, kwa hiyo joto la maji pekee linaitosha.

Walimu nao wana dhana yao katika suala hili. Mwaka 2014, bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa taarifa ya tahadhari kuhusu maonyesho ya darasani yanayotumia vimiminika vinavyowaka, kama methanoli inayochomwa pamoja na chumvi za metali ili kuonyesha miali ya rangi mbalimbali. Ajali za namna hii huwa na sura moja: mwali unafifia, mwalimu anadhani umezimika, anaongeza kimiminika moja kwa moja kutoka kwenye chupa kubwa, moto unapanda hadi kinywani mwa chupa na kuchomoka kuelekea wanafunzi waliokaa mbele. Rangi hizo hizo zinaweza kuonyeshwa kwa kijiti kilicholowekwa katika myeyusho wa chumvi na kupitishwa kwenye mwali wa Bunsen, pasipo chupa yoyote ya kimiminika kinachowaka mezani.

Dhana: Kitu chenye sumu hujitambulisha kwa harufu

Kaboni monoksaidi haina harufu kabisa. Hidrojeni salfaidi ina harufu ya yai viza, lakini ikifikia kiwango cha takriban sehemu 100 katika milioni za hewa hupumbaza pua, na aliyemo chumbani huamini kwamba gesi imekwisha wakati imeongezeka. Pua haiwezi kuwa kipimo cha usalama. Pale ambapo jaribio linataka harufu itambuliwe, neli hushikwa mbali na uso na hewa ya juu yake hupungwa kwa kiganja kuelekea puani.

Ulimi nao una historia yake. Mwanakemia Carl Wilhelm Scheele, mmoja wa waliogundua oksijeni, alikuwa na mazoea ya kuonja vitu alivyovitengeneza, na alifariki mwaka 1786 akiwa na umri wa miaka 43; wengi huamini kwamba sumu alizozishughulikia zilichangia kifo hicho. Kuvuta kimiminika kwa mdomo kupitia pipeti, yaani mrija wa kupimia, ni mabaki ya zama hizo, na bado kuna shule zinazovumilia jambo hilo kwa kisingizio kwamba kivutio cha mpira kimepotea.

Dhana: Mwenye glavu yuko salama

Mwezi Agosti 1996, profesa Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, mtaalamu wa metali zenye sumu, aliangukiwa na matone machache ya dimethili zebaki, kimiminika chenye zebaki na sumu kali, juu ya glavu yake ya mpira. Alifariki Juni 1997. Vipimo vilionyesha kwamba kemikali ile hupenya glavu za aina hiyo katika muda wa sekunde chache. Kemikali hiyo haina nafasi katika shule, lakini jambo lililodhihirika linahusu glavu zote: kila moja huzuia baadhi ya vitu, kwa muda fulani. Shuleni, tatizo la kawaida ni jingine. Aliyevaa glavu hupoteza tahadhari, akashika kalamu, kitasa, simu na shavu lake kwa vidole vilevile vilivyoshika kemikali. Glavu nyembamba zikikaribia moto, huyeyuka na kung'ang'ania ngozi.

Dhana: Hatari ni za kemia, fizikia na biolojia hazina neno

Anayeotesha bakteria katika visahani vya agari (ute mgumu wa kuoteshea vijidudu) katika nyuzi 37 anawaandalia vijidudu wa magonjwa halijoto ya mwili wa binadamu. Ndiyo sababu shuleni inapendekezwa isizidi nyuzi 25 hivi, na kisahani kisifunguliwe tena baada ya vijidudu kuota. Katika fizikia, waya unaounganisha ncha mbili za betri bila kifaa katikati unaweza kupata joto la kuunguza vidole kwa muda mfupi sana.

Dhana: Ajali ndogo haina haja ya kuripotiwa

Mwanafunzi anayesukuma neli ya kioo kavu kwenye kizibo cha mpira, mikono ikiwa mbalimbali, mara nyingi huishia na neli iliyovunjika ikiwa imechoma kiganja. Angepaka gliserini au maji, angeifunga neli kwa kitambaa, na angeishika karibu kabisa na kizibo huku akiizungusha polepole, isingevunjika. Ikivunjika, vipande hutupwa kimyakimya kwenye pipa la karatasi, na anayekatwa ni mfanyausafi. Shule inayomtoza mwanafunzi kila chombo anachovunja inamfundisha kuficha.

Gharama ya kuficha huonekana zaidi kwa kipimajoto cha zebaki. Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka 2020 kuwa mwaka wa kukomesha utengenezaji na biashara ya vipimajoto vya zebaki vya kawaida, lakini vya zamani bado vimo makabatini. Kikivunjika, vitone huingia katika nyufa za meza na sakafu na kuendelea kutoa mvuke katika halijoto ya kawaida ya chumba, kwa miezi. Wanafunzi watolewe, madirisha yafunguliwe, na mwalimu aambiwe hapo hapo. Ufagio usitumike, kwa kuwa huvunja kila tone kuwa vitone vidogo zaidi. Fundi sanifu huvikusanya kwa kadibodi ngumu na sirinji, kisha huvitia katika chupa yenye kifuniko kinachobana.