Dawa ya Mafua Si Dawa ya Kumlaza Mtoto: Maswali Ninayoulizwa Kliniki

Mimi ni muuguzi wa watoto. Suala la usingizi kwa kawaida halinifikii kama swali. Mama analeta mtoto mwenye upele au anayekuja kupimwa uzito, namuuliza anatumia dawa gani nyumbani, anajibu bila wasiwasi: "Ile ya maji ya mafua, nampa kila usiku ndiyo alale." Mafua yalikwisha mwezi uliopita, na chupa iliyoko kabatini ni ya nne. Haya ni maswali yanayofuata baada ya hapo, na majibu ninayoyatoa.

Mtoto mdogo anahitaji kulala kwa muda gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 12 hadi 16 kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 4. Usingizi wa mchana umo ndani ya hesabu hiyo. Wazazi wengi wanausahau. Mtoto wa miaka 2 aliyelala kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni hawezi kusinzia saa 2 usiku. Haumwi, bado hajachoka.

Nikimpa Piriton kidogo au dawa ya kikohozi ili asinzie, ubaya uko wapi? Mbona inauzwa dukani bila cheti?

Ubaya ni kwamba ile ni dawa ya mzio na mafua, na kusinzia ni madhara yake, si kazi yake. Inapunguza kasi ya ubongo, na ubongo huohuo ndio unaoamuru mtoto avute pumzi. Hospitalini, nusukaputi inatolewa na mtaalamu anayekaa kichwani kwa mgonjwa akifuatilia kila pumzi. Nyumbani mtoto ananyweshwa kijiko, taa inazimwa, watu wanakwenda sebuleni kuangalia tamthilia. Nani anafuatilia pumzi zake?

Promethazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Phenergan, mwaka 2004 iliwekewa onyo kali kabisa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani: asipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu kulikuwa na watoto waliopata shida kubwa ya kupumua, wengine wakafa. Mwaka 2017 mamlaka hiyohiyo ikaweka onyo lake kali kabisa kwamba kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, isitumiwe kwa watoto wote wa chini ya miaka 12. Kuuzwa bila cheti hakumaanishi kuwa kila mtu anaweza kuinywa kwa sababu yoyote.

Tena haifanyi hata hicho unachokitaka. Baada ya siku chache mwili unaizoea na kijiko kimoja hakitoshi, ndivyo inavyofikiwa chupa ya nne. Watoto wengine wanageuzwa na dawa hizi: badala ya kusinzia wanachachamaa usiku kucha, mama anadhani hajampa ya kutosha, anaongeza.

Mimi nampa kidogo sana, nusu kijiko tu.

Kijiko kipi? Kijiko cha kupimia dawa kinabeba mililita 5. Kijiko cha kulia wali kinaweza kubeba 15. Nusu ya kijiko cha wali tayari ni zaidi ya kijiko kizima cha dawa. Mama anampa "kidogo" saa 1 jioni, dada wa kazi naye alikwisha kumpa "kidogo" saa 8 mchana ili apate kufua nguo, na hawakuambiana. Isitoshe, dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani. Mtoto akipata joto anaongezewa paracetamol nyingine juu yake, na ini la mtoto ndilo linaloumia.

Daktari akimwandikia mtoto wako dawa ya mzio, mpe kwa kipimo alichoandika na kwa siku alizosema. Siku zikiisha, chupa iondoke. Dawa iliyobaki si akiba ya usiku wa kelele.

Amekunywa dawa, sasa amelala fofofo na haamki nikimwita. Si nimwache tu, iishe yenyewe?

Hapana. Nasema tena, hapana. Usimwache mpaka asubuhi.

Hili ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Tunapokea mtoto saa 1 asubuhi, amelegea, tunauliza alianza lini, tunajibiwa, "Tangu jana usiku, tulidhani ana usingizi mzito." Saa 10 zimepita. Katika saa hizo tungeweza kumsaidia kupumua, kuzuia degedege, kuangalia moyo wake na sukari yake.

Mtoto mwenye usingizi wa pono ukimfinya kidole anakunja uso, anavuta mkono, analalamika. Aliyelewa dawa haitikii, au anafumbua macho kidogo kisha anazama tena. Ukiona hivyo, mpeleke. Ukiona pumzi zimekuwa za nadra, au zina mkoromo asiokuwa nao siku zote, mpeleke. Ukiona anatetemeka, anaweweseka na kushika vitu visivyokuwapo, au macho yanapinduka, mpeleke. Ngozi ya watoto wetu haionyeshi ubluu upesi, kwa hiyo tazama ulimi na ndani ya midomo. Kama gari hakuna, panda bajaji. Usisubiri baba arudi, usisubiri mvua ikatike, usisubiri kumpigia shangazi aliye mkoani. Usiku huohuo.

Nimpe maziwa kwanza yapunguze sumu?

Usimpe. Wala maziwa, wala mafuta, wala maji ya chumvi ya kumtapisha. Mtoto aliyelegea hamezi vizuri, na unachomnywesha kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, mbebe hivyo njiani, uchukue na chupa ya dawa uje nayo.

Basi nimlazeje bila dawa? Wangu anachezacheza mpaka saa 5 usiku.

Anza na mchana. Muamshe ifikapo saa 9 alasiri, hata kama kukiwa kimya ndipo unapopata nafasi ya kupika. Chai ya rangi ya jioni iache, ina kafeini. Uji au maziwa yanatosha. Simu ni adui mkubwa. Mwongozo ule wa 2019 unasema kabla ya miaka 2 asiangalizwe skrini kabisa, na kuanzia 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Lakini naona mtoto wa miezi 14 anakula chakula cha usiku macho yameganda kwenye katuni, kisha mama anashangaa kwa nini halali.

Halafu panga mambo yafuatane kwa namna ileile kila siku: aoge, ale, apigwe mswaki, taa ipunguzwe, aingie ndani ya chandarua, asikie hadithi au bembelezi moja, taa izimwe. Mtoto hajui kusoma saa, ila anajua "Paukwa!" ikisemwa na bibi, kitakachofuata ni usingizi. Akina baba wanaorudi saa 3 usiku na kumrusha mtoto juu ili acheke, nawaheshimu kwa mapenzi yao, lakini nawaomba wahamishie michezo hiyo asubuhi.

Usiku wa kwanza hautafanikiwa. Wa pili pengine utakuwa mbaya zaidi. Endelea kwa wiki 2 bila kubadilisha kabla hujasema imeshindikana.

Analala akiwa amebebwa mgongoni kwangu tu. Nikimshusha kitandani anaamka analia.

Kwa sababu alisinzia kwenye joto la mgongo wako, ndani ya khanga yako, akaamka peke yake mahali pengine. Watoto wote huamka kidogokidogo usiku, na akiamka anatafuta hali aliyosinzia nayo. Mbembeleze mgongoni mpaka macho yawe mazito, kisha umlaze akiwa bado anajua yuko wapi, ukae karibu na mkono juu ya kifua chake. Wa chini ya mwaka 1 alazwe chali. Chupa ya maziwa isibaki mdomoni, inaozesha meno.

Anakoroma kila usiku, hata bila mafua. Ni kawaida?

Si kawaida. Anayekoroma karibu kila siku, anayelala mdomo wazi, au anayekata pumzi kisha akashtuka, aletwe achunguzwe, mara nyingi ni tonsili au nyama za pua. Huyu hasa ndiye asiyetakiwa kuguswa na dawa ya kusinzisha, maana njia yake ya hewa tayari ni nyembamba.

Nikimleta nikasema nilimpa dawa alale, si mtanigombeza mbele ya watu?

Najua wapo wenzetu wanaofanya hivyo, na wanakosea. Hofu hiyo inawafanya akina mama waseme "ameanza tu ghafla." Nasi tukisikia ghafla tunampima malaria, tunawaza homa ya uti wa mgongo, tunamchoma sindano ya kiunoni kuchukua maji, muda unakwenda, na kumbe jibu lilikuwa kwenye kabati la jikoni. Mwambie na dada wa kazi maneno haya leo, kabla woga haujamfanya afiche: akimpa mtoto chochote, aseme, hatafukuzwa kwa kusema. Nasi mlangoni tuambieni mambo matatu tu, ni dawa gani, kiasi gani, saa ngapi.