Ramani ya mpakani si ya kunyang'anyana ardhi

Juzi kwa matatu ya Thika Road jamaa mmoja akasema eti ukiona watu wanachora ramani huko mpakani ujue kuna nchi inataka kumega ardhi ya mwenzake. Hapana jamani, si hivyo. Mstari wa mpaka unabaki palepale, kinachochorwa ni vitu visivyojua mpaka: maji, malisho, njia za wanyama. Chukua Mto Mara, unaanzia msitu wa Mau, unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti halafu unamwaga maji Ziwa Victoria upande wa Tanzania, sasa kila nchi ikiwa na ramani yake inayoishia mpakani nani ataona vile miti kukatwa Mau kunaumiza nyumbu na watu huko chini? Picha za setilaiti zinasaidia sana, na hapa hapa Nairobi, Kasarani, kuna RCMRD (kituo cha kikanda cha kuchora ramani za rasilimali) iliyoanzishwa 1975 inayofanya kazi hizi kwa nchi kadhaa za Afrika. Lakini setilaiti haijui mifugo hunywa kisima gani wakati wa kiangazi na kwa makubaliano gani, hiyo anaijua mzee mfugaji, na mimi naona lazima aulizwe kwanza kabla pande mbili hazijakubaliana nani atalisha wapi na lini.